Kahawa Aliyoinywa Mjumbe wa Amani

Jaudat Suwaylim (Abu Lamis),
Kinu cha Zeituni, Mtaa wa Juu,
Deir Sahla.

Kwa Mheshimiwa Mjumbe Maalumu,
Ofisi ya Pamoja ya Kufuatilia Suluhisho la Mataifa Mawili.

YAH: KAHAWA ILIYONYWEWA KABLA YA WAKATI WAKE, NA BINTI YANGU LAMIS ALIYEACHWA HEWANI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na bado uko kazini, maana wenzako wawili niliowaandikia kabla yako walipandishwa vyeo kabla bahasha haijafika. Sisi huku hatujambo, ukiacha yale unayoyajua.

Mimi ndiye mwenye ile nyumba ambayo wageni wote wa amani hupandishwa juu ya paa lake. Bila shaka umeshaoneshwa picha. Yule bibi kizee anayeonekana nyuma ya wageni akianua nguo ni mama yangu, Hajjah Nadhira, na si kweli kwamba alikuwa akiwapungia mkono. Alikuwa akiwafukuza.

Nina malalamiko. Nimeyapa namba kwa sababu mkalimani wa ofisi yako aliniambia kwamba jambo lisilo na namba halisomwi.

1. Naanza na paa lenyewe. Kutoka pale juu mtu anaona mizeituni yetu, anaona ukuta, anaona mapaa mekundu ya majirani waliohamia kilele cha mlima bila kupiga hodi, anaona lango la chuma lililoziba barabara yetu, na ng'ambo ya lango, upande wa pili wa bonde, kijiji cha Ain al-Loz. Vumbi likitulia anaona hata bahari, ambayo binti yangu anaijua kwa macho tu. Kila ujumbe ukija hupanda, hushika viuno, hutikisa vichwa, kisha husema una wasiwasi mkubwa. Mama amewazoea mpaka anautambua wasiwasi wao kwa viatu. Wenye viatu vya vumbi, wasiwasi wa kawaida. Wenye viatu vinavyong'aa, wasiwasi mkubwa. "Na huyu mwenye soksi za hariri," aliniambia siku moja, "huyu atalaani kabisa. Mwongezee sukari."

Huniuliza nchi yetu itapitia wapi. Mimi huwaonesha kwa fimbo ya ufagio. Mmoja aliniomba niondoe shuka za mke wangu kwenye kamba kwa sababu zilikuwa zimeufunika mpaka. Niliziondoa. Hayo yote si malalamiko, Mheshimiwa, mgeni ni mgeni. Nimeyataja ili ujue mtangulizi wako alifikaje nyumbani kwangu siku ya posa ya binti yangu.

2. Sasa tuje kwenye kahawa. Kwa kuwa ofisi yako hubadilisha watu kama sisi tunavyobadilisha betri za tochi, naona nieleze upya.

Kwetu posa haipelekwi na mtu yeyote tu. Upande wa mwanamume hukusanya washenga, wanaume wa heshima zao, na humtafuta mtu mzito wa kuwaongoza: hakimu, mwalimu mkuu, daktari wa meno kama hakuna mwingine. Wanaingia, wanakaa, mwenye nyumba anawawekea kahawa. Kiongozi wao haigusi. Anaiacha palepale mbele yake, anasema, "Kahawa yenu hatuinywi mpaka tupate tulichokijia." Hapo mzee wa nyumba anamjibu, "Kunyweni kahawa yenu, mlichokijia mmekipata." Wanakunywa, wanawake wanapiga vigelegele, mambo yamekwisha. Babu yangu alioa hivyo, baba yangu alioa hivyo, na mimi nilioa hivyo ingawa kahawa ya wakwe zangu ilikuwa maji matupu.

Siku ile washenga walikuja kutoka Ain al-Loz kumposea Muntasir, fundi umeme, kijana ambaye hana doa isipokuwa ami yake. Ami yake ni Abu Shukri, naye anapenda makubwa. Alipoyaona yale magari meupe mlangoni na kusikia kwamba Mjumbe wa Amani yuko juu ya paa akiwa na wasiwasi, alipanda ngazi mbilimbili. "Mheshimiwa, shuka utuongoze! Ukisema wewe, nani wa kutukatalia?" Mkalimani akamwambia mkubwa wake kwamba ni hafla fupi ya kijamii yenye viburudisho. Mkubwa akakubali, tena kwa uso wa furaha. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza hapa kwetu kuombwa jambo linalowezekana.

Mimi nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno langu la kuwajibu washenga mbele ya kioo kwa siku kadhaa, mpaka mke wangu Ibtihaj akaniuliza, "Abu Lamis, anayeposwa ni wewe au ni binti yako?" Basi watu wakakaa. Nikaiweka kahawa mbele ya mtangulizi wako, nyeusi, chungu, yenye iliki ya kutosha, nikavuta pumzi.

Akainywa.

Yote, Mheshimiwa. Akalamba mdomo, akasema nzuri sana, akaomba kikombe cha pili. Abu Shukri alifumbua kinywa na hakukifumba. Mimi neno langu lilinikwama hapa kooni, na mpaka leo bado lipo. Kilichosikika ni sauti ya mama yangu nyuma ya pazia: "Yarabi! Mzungu ameimeza posa!"

3. Matokeo yake ndiyo haya. Wazee wa vijiji viwili walikaa wakagawanyika. Kundi la kwanza linasema aliyekunywa amekubaliwa, kwa hiyo Lamis ameposwa, ingawa hakuna aliyemposa. La pili linasema ombi halikutamkwa, kwa hiyo hapakuwa na posa, palikuwa na mtu mwenye kiu tu. La tatu, ambalo linasikiliza sana redio, linataka pande zote zirudi kwenye hali ya kabla ya kahawa, na hiyo iwe msingi wa mazungumzo. Kuhusu kile kikombe cha pili, hakuna mwenye msimamo. Kimewekwa kando mpaka mazungumzo ya mwisho.

Na haiwezekani kupeleka posa nyingine, kwa sababu ya kwanza haijafa. Wala haiwezekani kumfungisha ndoa, kwa sababu posa hiyohiyo haijazaliwa. Nyumba nyingi za Deir Sahla zinamtambua Lamis kuwa ni mchumba wa mtu. Wakikutana naye dukani wanamwita bi harusi. Lakini kuna nyumba tatu, kubwa, zenye sauti, ambazo zinasema zinampenda sana na zinamtakia kila la heri, ila kumtambua kuje mwisho wa mchakato, si mwanzo. Kwenye harusi za wenzake anakaribishwa kukaa na wake za watu, lakini kama mtazamaji. Wakianza kuwasema mama wakwe zao, yeye hana ruhusa ya kuchangia.

4. Mlinzi wa mtangulizi wako aliondoka na kiatu changu cha kushoto pale mlangoni. Hili ni dogo, lakini naomba liandikwe.

5. Nilipolalamika mara ya kwanza, ofisi yako ilinijibu vizuri sana, kwa karatasi nzito, kwamba jumuiya ya kimataifa itatumia shinikizo. Nilifurahi. Nilimsomea mama. Akaniuliza, "Watamshinikiza nani?" Nikamwambia, "Wametuandikia sisi, mama, kwa hiyo nadhani ni sisi." Na kweli lilikuja tamko la kuzitaka pande zote mbili zijizuie.

Mheshimiwa, nakuapia, tangu dunia iumbwe hakujatokea watu waliojizuia kama Lamis na Muntasir. Wanaonana langoni. Yeye huku, yeye kule, chuma katikati, na askari mdogo mwenye chunusi anayewaambia kila mara kwamba limefungwa kwa sasa tu. Aliyemtangulia alisema kwa sasa tu. Aliyemtangulia huyo naye alisema hivyohivyo, na nasikia siku hizi ana wajukuu. Muntasir akitaka kuja kunywa chai kwangu anaizunguka milima yote na vizuizi viwili, wakati mama yangu akimwita kutoka dirishani kwa sauti yake ya kawaida anaitika.

Baadaye ofisi yako ikafanya mkutano wa kahawa katika hoteli moja karibu na Bahari ya Chumvi. Lamis hakualikwa, kwa kuwa asingepata kibali cha kupita. Muntasir alialikwa, kibali kikafika mkutano ulipokwisha. Nilikwenda mimi na Abu Shukri. Tulipewa vitambulisho vya shingoni. Mtaalamu mmoja mama, mpole, alichora duara nyingi ukutani, akatutaka tuanze na hatua za kujenga imani: mimi niache kahawa kwa muda niwape wageni chai, na Abu Shukri ajibu kwa kikapu cha tini. Tulikubaliana. Tulipigwa picha. Mazungumzo yalivunjika jioni ileile kwa sababu Abu Shukri alitaka chai iwe na majani ya mnaanaa, na mimi sikuwa na mamlaka ya mnaanaa, ule ni wa mke wangu.

6. Hapa, Mheshimiwa, naomba usome taratibu.

Muntasir alianza kujenga nyumba kwenye kiwanja cha babu yake, Ain al-Loz. Alisimamisha nguzo. Siku ya kumwaga zege la paa, alikuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo: ujenzi usimame, kwa sababu eneo lile hatima yake itaamuliwa katika mazungumzo ya mwisho. Nguzo zile zinaonekana kutoka dirisha la jikoni kwetu. Binti yangu huosha vyombo akiziangalia. Anajua chumba cha kulala kitakuwa wapi, anajua jua la asubuhi litaingilia wapi. Alishanunua mapazia. Yamekaa sandukuni mpaka rangi yake imepitwa na wakati, ameyauza, amenunua mengine, nayo sasa yanaelekea kulekule.

Juzi nilimkuta ameshika unywele mweupe mmoja mbele ya mwanga. Nikajifanya sikuona. Akasema, "Baba, huu niuhesabu kabla ya kahawa au baada ya kahawa?" Akacheka. Mimi nilitoka nikaenda kinuni, nikawasha mashine ingawa hakukuwa na zeituni hata moja, nikasimama pale mpaka Ibtihaj akaja kuizima.

Naumia, Mheshimiwa. Sijui hili linaingia namba gani.

7. Kwa hiyo naleta maombi, na ofisi yako ichague lililo jepesi.

(a) Mtangulizi wako airudishe kahawa. Simaanishi kwa njia mbaya. Ninachotaka ni aletwe, akae palepale, awekewe kikombe kilekile, nimekitunza, hakijaoshwa, na safari hii asikiguse. Mkalimani amenijibu kwa simu kwamba bwana huyo sasa anashughulikia visiwa fulani vya mbali, na kwamba kahawa iliyokwisha nywewa ni hali halisi iliyojengeka tayari, nasi tuwe watu wa vitendo tuizoee.

(b) Kama (a) haiwezekani, ofisi itoe tamko kwamba siku ile mtangulizi wako hakuwepo. Kwa jinsi ninavyozifahamu ziara zile, halitakuwa tamko gumu kulitetea.

(c) Kama (b) nayo inaleta shida, basi nina pendekezo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu nikikamua zeituni, na nashangaa wataalamu hawajaliona. Dunia nzima, wakubwa kwa wadogo, imekubali kwamba dawa ni mataifa mawili yanayoishi bega kwa bega kwa amani na usalama. Kila mwaka mnalisema. Kinachokosekana ni pa kuanzia. Mimi nasema, anzeni na hawa. Mtangazeni Lamis kuwa taifa moja na Muntasir kuwa taifa la pili. Hakuna wawili wengine kwenye bonde hili wanaotaka kuishi bega kwa bega kama hao, na wamelitaka kwa dhati kuliko yeyote aliyewahi kupanda juu ya paa langu.

Masuala magumu nimeshayamaliza. Mipaka: ya kila mmoja inajulikana, na kitandani watajadiliana wenyewe bila wasuluhishi. Mji mkuu: jiko, litakuwa la wote wawili, lisigawanywe. Usalama: mama yangu atakwenda kukaa nao mwezi wa kwanza. Maji: Muntasir ni fundi, pampu ataifunga yeye. Na haki ya kurejea: wakigombana, Lamis arudi kwangu wakati wowote, saa yoyote, mlango uko wazi na kitanda chake sijakigusa. Hili la mwisho, Mheshimiwa, sitalegeza hata kidogo.

Mataifa haya yakishatangazwa, lile lango litalazimika kufunguliwa, maana halitakuwa limezuia watu wawili tu, litakuwa limeingilia uhusiano wa kimataifa. Na ile karatasi kwenye nguzo itabanduka yenyewe. Nasubiri wataalamu wako waje waoneshwe eneo. Wavae viatu vyovyote.

Nasisitiza kwamba jambo hili haliwezi kumalizwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa ofisi yako. Aliyeifunga posa hii ni jumuiya ya kimataifa, na ni jumuiya ya kimataifa pekee yenye uwezo wa kuifungua. Nimewaeleza hivyo watu wa nyumbani mara nyingi, na wanapoanza kunung'unika huwa nawaambia wawe na subira, mchakato unaendelea.

Nisalimie mkalimani, na madereva wa magari meupe, ambao siku zote hukataa kahawa yangu kwa adabu na sasa naona walikuwa na akili kuliko wote. Msalimie yule mama mpole wa duara. Salamu kwa yule anayeandika neno wasiwasi, nadhani mkono umemchoka. Watu wa nyumbani kwako uwape pole kwa safari zako nyingi. Mama yangu hasalimii mtu, lakini nimemwekea salamu zake mimi.

Wako katika kusubiri,

Jaudat Suwaylim (Abu Lamis)

N.B. Bahasha nilikuwa bado sijaifunga. Jana alasiri niliwakusanya watu wa nyumbani niwasomee barua hii kabla ya kuituma. Muntasir naye alikuwepo. Alikuwa amezunguka milima yake kama kawaida, safari hii kuja kutengeneza waya wa pampu ya tangi letu. Lamis alitoa kahawa. Mimi nilikuwa nimefika ombi (c), pazuri kabisa, pale pa mji mkuu, ndipo nikasikia mama akisema, "Wewe mbona hunywi? Inapoa."

Muntasir alikuwa amekiacha kikombe chini mbele yake. Mikono imejaa grisi, jasho linamtoka. Akasema, "Siinywi, bibi, mpaka nipate nilichokijia."

Nikamwambia, "Si umejia pampu?"

"Nyamaza wewe na makaratasi yako!" mama akanikata. Kisha akamgeukia kijana, akasema kwa sauti ambayo nadhani Ain al-Loz yote iliisikia: "Kunywa kahawa yako, mwanangu. Ulichokijia umekipata."

Akainywa. Lamis alikaa chini palepale na sinia lake, akalia, akacheka, akalia tena. Ibtihaj alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani maji yametoka. Nikauliza, "Na jumuiya ya kimataifa je?" Mama akasema, "Waambie walikuwa na kiu, tukawanywesha, Mungu awafikishe salama." Mimi nililisema lile neno langu la mbele ya kioo, zima zima, ingawa kwa kelele zile hakuna aliyenisikia. Kahawa haikuwahi hata kupoa.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote uyachukulie kuwa yamefutwa, pamoja na maombi (a), (b) na (c). Kiatu unaweza kukiacha. Harusi ni Ijumaa. Wataanza na chumba kimoja nyumbani kwa wazazi wa Muntasir, mpaka nguzo zipate paa.

Limebaki lango, Mheshimiwa. Hilo mama amelijaribu asubuhi hii. Alilishukia na birika lake na vikombe, akamwekea yule askari mdogo kahawa, akakaa juu ya jiwe akamsubiri aulize amejia nini. Kijana alisema ahsante bibi, akainywa, akasema limefungwa kwa sasa tu. Basi Ijumaa binti yangu ataondoka hapa na nguo yake nyeupe, azungushwe milima yote na vizuizi viwili, apelekwe kwenye nyumba ninayoiona ninapoandika hapa, taa ya jikoni kwao imewashwa.

Njoo Ijumaa. Kahawa utaikuta. Ila nakuomba, mimi na nyumba yangu yote, ukishawekewa usiiguse. Mwite mwenye ufunguo wa lango, iache palepale mbele yako, umwambie ulichokijia, na usiinywe mpaka ukipate.

Ikipoa nitakuwekea nyingine.